Ndoo ya Pembeni

Niliipiga Igombe, saa nne kasoro ya asubuhi,
kwa simu yenye ufa kiooni.
Shangazi Nyanzobe kainama, anageuza dagaa,
mgongo wake umelikata ziwa vipande viwili,
na kulia kabisa, nusu ndani, nusu nje,
ndoo ya buluu ambayo hakuna aliyeialika.

Fundi Lushinge wa Makoroboi,
aliyeosha picha tangu enzi za chumba cha giza,
aliishika kwa ncha za vidole
kama anayetoa panya kwa mkia.
"Kijana, ziwa lako linamwagika."
Akaweka rula. Kweli:
upeo wa macho umeteremka kulia
kwa unene wa punje ya mchele.
"Maji hayalali hivyo. Maji ndiyo pimamaji ya kwanza.
Nyoosha. Kisha kata ndoo.
Jicho linamwendea mama vizuri, likikaribia
linachepuka, kama ng'ombe aliyeona shamba la watu."

Mwalimu Magesa akaitia mistari kwa kalamu,
miwili wima, miwili ya kulala,
utadhani anapima matuta ya viazi.
"Mtu hakai katikati kama nanga.
Msogeze kushoto, umwachie nafasi ya kuinukia."
Ainukie wapi, mwalimu,
na nyavu tatu za dagaa bado hazijageuzwa?
Mkewe alichungulia begani:
"Na kilemba mbona kimegonga dari?"

Mama Ng'washi, mnunuzi wa Mwaloni,
hakuona upeo, hakuona kilemba.
Alisogeza picha puani, karibu ainuse.
"Hawa hawajakauka.
Wapakie leo, Shinyanga watafika na ndevu."

Basi nikaipeleka kwa mwenyewe.
Shangazi akafuta mikono kwenye khanga,
akatazama,
akatazama tena.
"Kata ndoo."
Moyo ukaniruka: kumbe na yeye anajua mambo ya jicho!
"Kwa nini, shangazi?"
"We kata tu."

Ndipo Bi Nyamalwa akapenya uani,
kaja kuomba moto, kakuta picha.
"Hebu. Aa, usikate. Ndoo imependeza."
Kidole chake kikatua juu yake, hakikubanduka.
"Imependeza hasa hapa sikioni, palipofungwa waya.
Waya wa baiskeli. Waya wa baiskeli ya marehemu mume wangu."

Kimya.
Kuku mmoja alipita katikati yetu, akaharakisha.

Maana kuna ndoo iliyochukuliwa na mawimbi
tangu Pasaka; iliapiwa, ikaliliwa,
na shangazi ndiye aliyelia zaidi.

"Inavuta macho," akasema shangazi.
"Ivute," akasema Bi Nyamalwa.
"Inaelemea upande mmoja."
"Bila hiyo picha ingepinduka."
Nilisimama mdomo wazi: Makoroboi nzima
imehamia uani kwetu, na hakuna aliyewafundisha.

Mjukuu, Kabula, wa miaka mitano,
akavuta picha chini, akaiinamisha kichwa.
"Iacheni. Ziwa linavuja.
Ndoo inakinga."

Walicheka wote wawili.
Mmoja alichelewa kumaliza.

Kesho yake ndoo ilivuka ua,
haikusindikizwa na neno lolote,
ndani yake dagaa kisahani kimoja,
na niliwagusa: Mama Ng'washi alisema kweli.

Juzi nimepita Makoroboi.
Lushinge kaitundika dirishani, kaikata mwenyewe,
kainyoosha, kamsogeza shangazi kushoto.
Ziwa limetulia kama chai kikombeni.
Watu wanasimama, wanasifu, na wana haki.
Nami nikasimama nao, juani,
nikatafuta pa kuingilia,
sikupaona.